Kiapo cha Sindano

3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, tena ile ya kupiga magoti, maana najua nimechelewa kuandika. Mimi ni mzima, ila jino lile la nyuma linaamka na kulala lenyewe, usilitie moyoni. Cherehani zinaendeleaje? Yule msichana uliyesema anashona kifungo kama anafunga ng'ombe, bado yupo? Na mpangaji wako, Mzee wa Meli, bado anachemsha maharage saa ambazo watu wengine wamelala?

Nimekupigia simu mara kadhaa, hukupokea. Najua utasema simu inakula maneno na jambo la maana huandikwa. Haya, naandika.

Meneja wa dobi amenipandisha cheo. Mimi sasa ni mkuu wa chumba cha pasi, kwa majaribio mpaka Septemba. Usipige vigelegele bado. Wanawake wote wa chumba hicho wamenizidi umri, na wote wanasema Kihispania. Nami ndimi yule uliyenilea, niliyekuwa nikitaka chumvi mezani nasubiri mtu aikumbuke mwenyewe.

Basi nimeanza kujifunza amri. Nimenunua kitabu cha sarufi kisicho na jalada, na nilivyokifungua nilifurahi kama mtu aliyeokota ufunguo. Kitenzi cha kawaida unakikata herufi ya mwisho, umemaliza. Planchar ni kupiga pasi. Ondoa r, unapata plancha, piga pasi. Barrer ni kufagia, barre, fagia. Vile vinavyoishia na ir ndivyo vinavyojigeuza kidogo: abrir ni kufungua, amri yake abre.

Nikaingia chumbani na furaha yangu, nikamwendea mama mtu mzima kuliko wote, ambaye tunamwita Bibi wa Pasi kwa sababu ile mashine kubwa ya mashuka haikubali mkono mwingine. Nikamwambia, "Plancha." Shangazi, alinitazama kuanzia viatu mpaka kilemba. Kisha akazima mashine, akakaa juu ya kikapu cha foronya, akamenya chungwa. Wenzake wote wakaacha kazi kumtazama anavyomenya.

Nikaja kuambiwa baadaye kwamba ile ni amri ya mtoto au ya rafiki. Tangu siku hiyo siamuru kitu. Natabasamu, naonyesha kwa kidole, na wakishaondoka napiga pasi yaliyobaki mwenyewe. Meneja ameanza kupita mlangoni akinitazama.

Mtoto wako,
Kifungo


26 Februari

Mwana wa kaka yangu,

Marahaba, na uinuke hapo magotini, sakafu za huko nasikia ni baridi. Sisi wazima. Msichana wa ng'ombe yupo, sasa amehamia kwenye zipu, na zipu zinalia. Usishangae herufi zangu kunenepa, ni kalamu. Mzee wa Meli alininunulia ya bei ya kutupa.

Jino ling'oe. Na usiniambie jino la pembe si dawa ya pengo. Bora pengo kuliko usaha.

Sasa hilo la amri limenikosesha usingizi kwa utamu wake. Nilimwendea Mzee wa Meli, ambaye unajua alipika kwenye meli za mizigo nusu ya maisha yake, na mabaharia wake walikuwa wa Kihispania watupu. Alinieleza mpaka maharage yakaungua. Anasema kwa mtu mzima unabadilisha irabu ya mwisho. Kitenzi cha ar kinapewa e: plancha inakuwa planche. Vya er na ir vinapewa a: barre inakuwa barra, abre inakuwa abra. Wakiwa wengi unabandika n: planchen, barran, abran.

Nikacheka peke yangu. Maana sisi nasi tunamwambia mtoto "pita", mgeni tunamwambia "upite", na wakiwa wengi, "piteni". Nani aliwanong'oneza watu wa mbali vile kwamba adabu inakaa kwenye irabu ya mwisho? Nimemwuliza Mzee, hajui. Nimejiuliza mwenyewe, sijui. Ukipata jibu niandikie.

Lakini sikiliza, Kifungo. Hata ukiijua irabu, bado utaogopa. Mimi nimeongoza karakana tangu wewe hujazaliwa, na siri yangu ni moja. Simwamuru mtu mikono yangu ikiwa mitupu. Nikisema "kata", nimeshashika kitambaa upande wa pili. Nikisema "fagia", nimeshainua cherehani. Mtu hutii mkono kabla ya mdomo. Wewe ulimwambia mama wa watu apige pasi huku mikono imening'inia kama mikono ya koti.

Na ulimi wako utaufanyia mazoezi kwangu. Kila barua niletee amri za Kihispania, za heshima, kama anavyoambiwa mtu mzima. Vitenzi vya kawaida tu, kwa sababu Mzee anasema vile vikaidi hata yeye vilimshinda. Yeye atakuwa refa. Amri ikiwa sahihi naitii, iwe ya nini iwe. Ikiwa na kasoro naitupa. Naapa kwa sindano yangu, na unajua mimi kwa sindano siapi ovyo.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mvua hapa hazijui kuacha, mashuka yananuka unyevu hata yakitoka kwenye mashine. Jino limelala. Nimeliacha lilale.

Nina habari. Jumatatu nilichukua shuka kubwa lenye unyevu, nikashika pindo mbili, nikamwendea Bibi wa Pasi nikiwa nimeshalinyoosha upande wangu. Nikasema, "Doble, señora." Doblar ni kukunja, na señora ni kama mama au bibi, la heshima. Upande wake wa shuka ulikuwa unaburuta chini. Aliutazama kwanza, si mimi. Mtu aliyepiga pasi maisha yake yote hawezi kuona shuka safi likiburuta sakafuni akanyamaza. Akaliokota. Tukakunja, tukakutana katikati, akanipokonya pindo zangu. Halafu akanisahihisha jinsi ninavyoshika, kwa dole gumba! Nikafurahi kusahihishwa.

Bado wengine wananitazama pembeni, lakini jioni ile sikubaki peke yangu na mashuka.

Swali lako kuhusu irabu sijapata jibu lake. Nimemwuliza Bibi wa Pasi kwa maneno yangu ya kuokoteza. Alifikiri sana, akasema ukimsemesha mtu mzima unazungusha mdomo, kama unavyopita nyuma ya mtu anayekula badala ya kumkatiza mbele. Sijui kama ni sarufi lakini nimelipenda.

Haya amri zako. Barra el taller, fagia karakana. Descanse el domingo, pumzika Jumapili. Cerre la ventana, funga dirisha, maana najua unashona na baridi mgongoni.

Naona aibu hata kuziandika. Nimeandika ya kufagia nikafumba macho.

Kifungo


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Karakana nimeifagia mimi kwa mkono wangu. Wasichana walisimama wote, mmoja akadhani nimemfukuza kazi. Nikawaambia nimeamriwa na mkubwa. Wakauliza nani, nikasema Kifungo, wakacheka mpaka msichana wa zipu akajichoma.

Jumapili nilipumzika. Sijapata kufanya kazi ngumu kama ile. Nilikaa sebuleni mikono mapajani kama mgeni aliyekuja kuposa, kila nikiinuka Mzee anapiga kelele dirishani, "Descanse!" Ajabu ni kwamba katika lugha hiyo kupumzika nako kunaamriwa. Mimi nilidhani pumziko hujileta.

Dirisha sikufunga. Mzee anasema kitenzi hicho ni kikaidi, katikati yake kinazaa i isiyokuwepo, cierre, na wewe umekifanya kama mwanakondoo. Amri imetupwa. Mvua iliingia ikalowesha suruali ya mteja. Lawama ni zako.

Nimekutumia kifurushi. Ni blauzi nyeusi, ya kuvaa mkuu wa chumba. Nimekushonea mwenyewe, hakuna msichana aliyegusa hata kifungo. Niambie kama inakukaa mabegani.

Shangazi


9 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hali ni nzuri, mvua zimekatika, na majirani wa juu wamenunua mbwa ambaye hajui usiku na mchana.

Blauzi imefika. Inanikaa mabegani kama ulinipima jana. Asante. Niliivaa kazini siku ileile, na Bibi wa Pasi alizunguka nyuma yangu akashika shingo ya nguo akaipima kwa vidole, jambo ambalo hajapata kumfanyia mtu.

Shangazi, nina swali dogo, na usikasirike. Siku ile unashona, uliweka uzi gani?

Na lingine. Barua yako ya mwisho, mistari inaanza juu ya karatasi na kuishia kwenye kona ya chini, kama inateremka kilima. Kalamu inaweza kunenepesha herufi, sijui kama inaweza kuteremsha mstari.

Amri ni moja tu safari hii. Responda, jibu. Kitenzi chake ni responder, cha kawaida kabisa, mwulize Mzee.

Kifungo


30 Mei

Kifungo,

Marahaba. Safari hii naandikiwa na Mzee wa Meli, mkono umechoka kidogo, kazi zimekuwa nyingi. Mimi nasema yeye anaandika, kwa hiyo ukiona kosa ni lake.

Amri imepita, kwa hiyo najibu. Uliniuliza niliweka uzi gani. Niliweka mweusi. Kwani kwenye kitambaa cheusi watu huweka uzi gani? Au huko dobi wamekufundisha ushonaji mpya?

Hayo mengine ya mistari na vilima ni maneno ya mtu asiye na kazi. Mimi ni mzima wa afya. Wewe ndiye mwenye jino, na naona hujaling'oa kwa sababu hulitaji.

Wasichana wanakusalimu.

Shangazi yako

Binti yangu, ni mimi mwandishi sasa. Shangazi yako ameingia ndani kutafuta miwani ambayo haimsaidii tena. Amesema nifunge bahasha, na sijafunga. Nimekaa nyumbani kwake muda mrefu na hii ni mara ya kwanza namfanyia hiyana, Mungu anisamehe.

Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Haoni uzi, wasichana ndio wanamtungia sindano, na wameapa kutosema. Barua zako nazisoma mimi. Suruali za wateja anashona kwa kupapasa. Pale hospitali kuu kuna madaktari wa macho waliokuja kufanya operesheni, na wataondoka mwisho wa Julai. Alipewa tarehe, hakwenda. Akapewa nyingine, akasema ana oda ya sare. Imebaki ya tarehe ishirini Julai. Daktari aliniambia wazi kwamba ukungu unazidi kuwa mgumu, akingoja zaidi huenda isiwezekane.

Nilimwuliza kwa nini hataki. Akasema sasa hivi anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu akiingia. Anaogopa kwamba wakishakata atapoteza hata hicho. Wewe pengine utakuwa na la kumjibu.

Mpangaji


18 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za mbwa wala mvua. Mzee, umsomee polepole, na asikupokonye karatasi.

Nimejua. Usimgombeze aliyeniambia, kwa sababu wa kwanza kuniambia ni wewe. Blauzi umeishona kwa uzi wa bluu, Shangazi. Bluu ya sare za shule, kwenye kitambaa cheusi, mshono wote kuanzia kwapa mpaka kiunoni, na upande wa kushoto mshono umetoka njiani ukarudi. Wewe uliyenifumulisha gauni zima kwa sababu ya uzi uliopauka! Nilipouona nilikaa kitandani na blauzi mapajani nikalia. Halafu nikakuuliza uliweka uzi gani, nikiomba Mungu useme uzi mweusi uliisha. Ukasema uliweka mweusi.

Nimekasirika, nakwambia kabisa. Nimekasirika kwamba wasichana wanajua, mpangaji anajua, na mimi uliyenibeba mgongoni naandikiwa habari za zipu. Na naogopa kuliko nilivyokasirika.

Sasa mimi ni mpwa wako. Kwa lugha yetu siwezi kukuamuru, ulimi utanikatika. Nimejaribu kuandika "nenda" nimefuta, nimeandika "naomba uende" nimefuta nalo, maana najua ombi langu utalifanya nini. Utalikunja na kuliweka chini ya mguu wa meza. Lakini uliapa kwa sindano kwamba amri iliyo sahihi utaitii, iwe ya nini iwe. Hayo ni maneno yako, barua ninayo.

Kitenzi cha kwenda nimekiacha, ni kikaidi kuliko wewe. Nimekizunguka kwa vile vya kawaida tu. Bibi wa Pasi amekaa nami mapumziko yote ya chakula kuvipanga, kila neno alikuwa analitamka kama anaweka sahani mezani.

Tarehe ishirini Julai, asubuhi: tome la mano del señor, shika mkono wa Mzee. Suba al autobús, panda basi. Baje en el hospital, shuka hospitalini. Halafu entre, ingia, na usisimame mlangoni kuulizauliza. Salude al doctor, msalimie daktari. Escuche, sikiliza, hili najua ndilo gumu kwako. Akishamaliza kusema, acepte. Kubali.

Na watakapokutoa bandeji, abra los ojos. Fungua macho, Shangazi.

Ulinifundisha nisiamuru mikono ikiwa mitupu. Mikono yangu iko mbali, haifiki kukushika. Basi pindo la pili la shuka nitalishika huku. Siku hiyohiyo, asubuhi hiyohiyo, nitakuwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Unajua ninavyoogopa koleo. Nitakaa, nitafungua mdomo, na nitakuwa nakufikiria wewe. Usiniache nikunje peke yangu.

Mtoto wako


25 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata barua, najua posta ina miguu mifupi. Simu yako inaita tu.

Jino limetoka. Nilikaa kitini tarehe ishirini asubuhi kama nilivyosema. Lilikuwa na mizizi kama muhogo, daktari mwenyewe alishangaa akaliweka kwenye pamba akanionyesha. Nilirudi kazini shavu limevimba, siwezi kusema neno la Kihispania wala la kwetu. Bibi wa Pasi akanielekeza kwenye kikapu cha foronya, akasema, "Descansa." Ile ya mtoto. Sijapata kufurahia amri namna hiyo. Akaongoza chumba mpaka jioni na kazi ikaisha mapema.

Mzee wa Meli, kama unaisoma hii wewe, niandikie hata neno moja. Hata kama ni baya. Kila anayepita mlangoni na karatasi mkononi nadhani ana barua yangu.

Kifungo


19 Agosti

Kifungo, mwana wa kaka yangu,

Marahaba, ya hii na ya zote nilizosomewa. Tazama herufi zangu. Zitazame vizuri, kisha uniambie nani kaandika.

Nilichelewa kwa sababu nilikatazwa kuinamia karatasi, na sikutaka Mzee aniandikie tena. Nilitaka hii uione kwa mkono wangu.

Siku uliposomwa waraka wako nilimfukuza Mzee chumbani, nikamwambia atafute pengine pa kupanga. Akatoka, akakaa nje ya mlango, akasema anasubiri nimalize ili aendelee kusoma. Usiku sikulala. Nikamwita asubuhi nikamwambia, wewe ni refa, kazi yako si kunihurumia, niambie amri gani ina kasoro. Akazisoma moja moja. Akasema hakuna. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nilitafuta tobo kila mahali, Kifungo, sikuona hata la kupitisha uzi. Nikasema Kifungo amenikomesha.

Basi nilishika mkono wa Mzee. Nilipanda basi. Nilishuka. Mlangoni nilisimama, na najua ulinikataza. Nilikuwa nauona mlango kama weupe mkubwa tu, na nikafikiri, weupe huu ndio wa mwisho. Mzee hakunivuta. Alisema, "Saa hizi mtoto yuko kwenye kiti, amefungua mdomo." Nikaona haya. Mtu mzima hawezi kuachia pindo shuka likaburuta. Nikaingia.

Daktari nilimsalimia. Nilimsikiliza, na hilo Mzee ni shahidi. Nikakubali.

Walipotoa bandeji ya jicho la kwanza sikufungua mara moja. Nililifunga tena kwa nguvu zangu, nikasema kimoyomoyo maneno yako ya mwisho, kwa Kihispania, na tafsiri nikaiacha, kwa sababu kwa lugha yetu ningelia na daktari alikataza machozi. Nikafungua. Kitu cha kwanza kukiona ni Mzee wa Meli. Masikini, kumbe amezeeka! Nami nilikuwa namkemea kama kijana. Na shati lake vifungo vimepishana, kimoja hakina mwenzake. Nikamwambia, "Fungua, ufunge upya." Akaanza kulia yeye, ambaye machozi hajakatazwa. Jicho la pili walilimaliza wiki hiyohiyo, kabla hawajafunga mizigo yao.

Nimerudi karakana. Vumbi nililoliona sitaki kulisimulia. Nimezikagua suruali zilizobaki, nimefumua nyingi. Halafu chini ya meza nilikuta kipande kilichobaki cha kitambaa cha blauzi yako, na bobini ya siku ile, niliyoikuta imeshatungwa uzi, bado imo ndani ya cherehani ya zamani. Bluu. Nilikuwa nimesikia kwa masikio, lakini kuona ni kingine. Nilikaa chini sakafuni. Nguo ya mwanangu, ya cheo chake, nimeishona kama kichaa, na yeye akaivaa mbele za watu akaniambia inamkaa kama nilimpima jana. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu nizaliwe.

Kwa hiyo sasa ni zamu yangu. Manda la blusa. Tuma blauzi. Kitenzi chake ni mandar, cha kawaida, na nimekikata kwa namna ya mtoto, kwa sababu wewe ni mtoto wangu. Mzee amekipitisha. Nitaifumua yote, niishone kwa uzi wake, nikurudishie kabla hujathibitishwa Septemba.

Shangazi yako anayeona


10 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo, na safari hii nimepiga magoti kweli. Nilipoona bahasha, kabla sijaifungua, nilijua. Anwani ilikuwa imenyooka. Nikaisomea palepale kwenye ngazi, mbwa wa majirani ananinusa.

Nimethibitishwa. Meneja alikuja asubuhi akasimama mlangoni na karatasi yake, akatazama chumba. Hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Kila mmoja alikuwa ameshika upande wa kitu na mwenzake. Akauliza ninawaambiaje. Nikasema ninawaambia planchen, doblen, na wanafanya. Hakuelewa ni kwa nini Bibi wa Pasi alicheka.

Sasa habari ya blauzi. Bibi wa Pasi aliuona ule uzi siku ya kwanza, alipoishika shingo. Baadaye aliponisaidia kupanga zile amri nilimweleza kwamba shangazi yangu aliishona akiwa haoni, na hakuna mtu aliyegusa hata kifungo. Tangu hapo haruhusu iingie kwenye mashine. Kila Jumatatu anaipiga pasi mwenyewe kwa mkono, na akifika pale mshono ulipotoka njiani ukarudi, anapunguza mwendo.

Amri yako nimeikagua herufi kwa herufi. Ni sahihi. Mzee hajakosea, nawe hujakosea. Maisha yangu yote sijawahi kukukatalia neno. Lakini aliyeapa kwa sindano ni wewe. Mimi sikuapa.

Nishonee nyingine, yenye uzi wowote unaoupenda. Hii siirudishi.

Mtoto wako,
Kifungo